Mfuko wa Shati la Marko

Mtu akikwambia Fausta ana roho ya kwa nini, usibishane naye. Ninayo. Ila muulize na yeye kama amewahi kwenda kumtazama mjukuu wake wa kwanza akamkuta amefunikwa kazi ya mkono wa mtu mwingine.

Katika ukoo wetu kila mtoto anayezaliwa hufunikwa blanketi la viraka nililoshona mimi. Nilianza tukiwa bado juu mlimani Vidunda, nikiwa mke mchanga. Nilipata blanketi kuukuu lililotupwa kule misheni, nikalifumua mshono kwa mshono ili nione limekaaje ndani: viraka juu, pamba katikati, kitambaa cha marekani chini, kisha uzi unaopita kote ili pamba isikimbie. Nililiharibu lote. La pili nilishona mwenyewe, likapinda. La tatu halikupinda. Sikufundishwa na mtu wala sikupewa kitu na mtu. Vitambaa alikuwa ananiletea mume wangu Marko kila akirudi likizo kutoka kwenye genge la reli Kilosa. Alivibeba kwenye mfuko wa shati, akivimimina mezani huku anacheka. Alisema anaviokota dukani kwa Mhindi.

Sharti langu ni moja. Viraka vya pembeni viwe vyovyote, lakini kiraka cha katikati lazima kitoke kwenye nguo iliyovaliwa na mzee wa ukoo. Mtoto alale juu ya mtu wake. Marko alipofariki, kiraka cha katikati kikawa kinatoka kwenye shati lake lile lile la kazini, la mirabaraba ya buluu na kahawia yenye uzi mwembamba mwekundu. Nililikata kwa uchoyo. Mgongo ukaisha, mikono ikaisha, kola ikaisha. Tulipoambiwa tuhame mlimani tuteremke kijiji cha ujamaa upande wa Kisanga, watu walibeba vyungu na milango. Mimi nilibeba bunda la vitambaa kichwani, na katikati ya bunda kilikuwamo kipande cha mwisho cha lile shati: mfuko. Huo niliuweka kwa ajili ya mtoto wa kwanza wa Danieli, mwanangu wa pekee.

Yunis, mke wa Danieli, aliposhika mimba, nilianza kushona. Mwaka ule nguo zilikuwa shida, duka la kijiji lina kaniki na chumvi tu, na sisi tunakula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Pamba niliichambua kwa vidole. Mfuko wa Marko niliushona katikati vile vile ulivyo, nikauacha mdomo wazi. Uzi mwekundu ulikuwa umeshachujuka, buluu imekuwa kama maji ya kufulia, lakini ulikuwa mfuko wake.

Mtoto akazaliwa Mikumi, Danieli anakofanya kazi ya uaskari wa mbugani, nami niko kwenye palizi ya shamba la kijiji. Mwenyekiti alisema haruhusu mtu mpaka palizi iishe. Nilipalilia kwa hasira hata mihogo michanga ikaenda na magugu. Palizi ilipokwisha nikadandia lori la pamba, blanketi nimelikumbatia kifuani, nikafika Mikumi asubuhi ya siku ya kumtoa mtoto nje.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hao walikuwa wananisema mimi.

"Shikamoo mama," Yunis akapiga goti.

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Alikuwa kitandani. Amelala chali, ngumi kazikunja juu, na juu yake kumetandazwa blanketi la viraka. Si langu. Lilikuwa jipya, mishono yake imenyooka kama reli, na nilijua mara moja kwamba imepigwa kwa cherehani. Nilimjua na mwenye cherehani. Bibiana, mama yake Yunis, fundi cherehani wa barazani Magomeni, pale Kilosa. Alikuwa amefika kabla ya uzazi. Yeye hana palizi ya ujamaa.

"Karibu mkwe," akasema Bibiana kutoka kwenye kigoda. "Pole na safari. Umeliona blanketi? Kila anayeingia analisifia."

"Kizuri chajiuza," nikasema. "Kibaya chajitembeza."

Mimi moyoni nilikuwa naungua. Sijui kama unaelewa. Sina shamba langu tena, sina nyumba niliyojengewa na mume wangu, mlima wenyewe nimeuacha. Kitu pekee kilichonifanya niwe mtu katika ukoo huu ni kwamba watoto wote hufunikwa na mimi. Mtoto wa Danieli akitolewa nje na blanketi la Bibiana mbele ya watu, basi mimi ni mgeni tu aliyekuja kula wali.

Wanawake walianza kujaa uani. Naipanoi, jirani yao wa jamii ya wafugaji, alileta kibuyu cha maziwa. Danieli akachungulia mlangoni amevaa sare yake, akanisalimia, akatazama blanketi lililo kitandani, akatazama lililo mkononi mwangu, akakimbilia kuni ambazo hakuna aliyemtuma.

"Mtoto mmoja, mablanketi mawili, na joto hili la Mikumi," akasema Naipanoi. "Mnataka kumchemsha?"

Wote wakacheka, mimi sikucheka. Niliinama kumchukua mtoto, niliondoe lile lidude taratibu kama kwa bahati mbaya. Ndipo nikaona kiraka cha katikati.

Mirabaraba ya buluu na kahawia. Uzi mwembamba mwekundu.

Kitambaa kile nimekifua miaka na miaka, ningekijua hata gizani kwa kukigusa. Duka lililokiuza lilifungwa zamani. Na mume wangu alikaa Kilosa miezi na miezi, mimi niko mlimani na jembe na mimba, na Magomeni ni pale pale karibu na reli. Nikapiga hesabu zangu zote kwa mkupuo mmoja, na zote zikaja na jibu moja.

"Bibiana," nikasema. Sikumwita mkwe. "Shati la mume wangu umelipata wapi?"

Wanawake wa uani wakajazana mlangoni. Yunis akafunika mdomo.

"Mama, tafadhali," akasema.

"Wewe nyamaza, namuuliza mama yako. Shati la Marko ninalo mimi, nimelikata mimi, limekwisha mikononi mwangu. Hicho kipande ulikivuna wapi? Chumbani kwako?"

Bibiana alisimama. Ni mwanamke mnene, mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukiniudhi kuliko vyote. Akachukua ncha ya blanketi lake, akanisogezea.

"Wewe ni mshonaji, Fausta. Kishike hicho kitambaa. Kimewahi kuvaliwa?"

Nilikishika. Kilikuwa kikavu, kigumu kidogo, bado kina gundi ya kiwandani. Rangi zake zilikuwa kali. Hakikuwa kimeingia maji wala kuonja jasho la mtu. Kidole changu kilijua kabla ya kichwa changu kukubali.

"Ni mabaki," akasema Bibiana. "Shati lile nililishona mimi, barazani, watu wote wanapita. Marko na mume wangu Urbanus walikuwa genge moja. Akaniambia, shemeji, mfuko niwekee mkubwa. Nikamuuliza mkubwa wa nini, akasema wa kubebea takataka zako. Alikuwa anaokota vipande chini ya cherehani yangu. Kila akienda likizo anafagia baraza langu, anajaza mfuko. Anasema mke wake kule mlimani anashona, na pale sisi wengine tunapoona tambara, yeye anaona rangi."

Nikakigeuza kile kitambaa upande wa pili.

"Baadaye nikawa navikata kwa upana makusudi," akaendelea. "Nikikata gauni la mtu nabana hapa, nabana pale, nakuwekea. Alinikataza nisijitaje. Alisema ukijua vimetoka kwa mwanamke mwingine utavichoma moto."

Ningevichoma. Marko alinijua.

"Siku ya harusi ya hawa watoto nilitaka nikwambie," Bibiana akasema. "Ukanikata jicho, nikaogopa. Sasa Yunis aliponisimulia kwamba kwenu katikati lazima awekwe mzee wa ukoo, nikakumbuka nilibakiza kipande cha lile shati. Nikasema nitamweka Marko, Fausta atafurahi."

Unadhani nilifurahi? Niliona wivu mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa wa mwanamke na mwanamume, huo kila mtu anaujua. Huu ulikuwa wa kila blanketi nililowahi kushona. La mtoto wa kaka yangu, lile lenye maua ya njano ambalo watu walitoka vijiji vya jirani kuja kulitazama: maua ya Bibiana. Buluu ya mtoto wa wifi yangu: ya Bibiana. Nimetembea kichwa juu, eti sikupewa kitu na mtu, kumbe nilikuwa nikilishwa na mkono nisioujua. Na rangi zile! Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba shati la Marko lilikuwa na wekundu mkali namna ile. Alikuja nalo siku ya kwanza, amesimama mlangoni, anajigeuza nimwone. Wekundu ule uliobaki kwa Bibiana ndio niliouona siku ile.

"Hata hivyo umekosea," nikasema. "Lazima kiwe kimevaliwa. Hicho hakijavaliwa na mtu. Hapo katikati hujaweka mzee, umeweka kitambaa tu."

Bibiana alinitazama, kisha akalitazama blanketi lake. Nikaona limemwingia. Hakubisha. Aliomba wembe, akaketi, akakata nyuzi za cherehani yake moja moja mpaka kiraka kikatoka, akaninyooshea.

"Basi ni chako."

Nikakunjua blanketi langu kitandani. Wanawake wakasogea. Mishono yangu ilikuwa ya mkono, mingine imeyumba, na katikati ulikuwapo ule mfuko, mweupe kwa kufuliwa, mdomo wazi. Nikakikunja kile kipande kipya mara mbili, nikakitia ndani ya mfuko. Kikaingia bila kusukumwa. Nikakaa nimeshika mfuko kwa kiganja, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya mkwe wangu na majirani na maziwa ya Naipanoi.

"Na hilo lenye tundu?" akauliza Naipanoi, ambaye haachi kitu kipite. "Ndiyo basi?"

Bibiana alikuwa amelikunja magotini, mkono mmoja umeziba lile tundu, kama mtu anayeficha kitenge kilichochanika. Nilimwangalia huku roho bado inanichoma, sikudanganyi. Nikamnyang'anya wembe.

Kitenge nilichokuwa nimevaa ndicho nilichoteremka nacho kutoka Vidunda, na mimi sasa ndiye mzee niliyebaki. Nikavuta upindo wake, nikakata kipande. Nilikata kidogo. Nilipokiweka juu ya tundu hakikufika kingo.

Bibiana akakipokea hivyo hivyo. "Ahsante mkwe," akasema, na akaanza kutafuta namna ya kukivuta kienee.

Nikamtazama anavyohangaika nacho. Kisha nikamnyang'anya na hicho, nikakunja kitenge changu upya, nikakata kingine, kwa upana.