Pua ya Kuazima

Paskalina alikuwa amechuchumaa mbele ya lundo la mbegu za viazi, anatenga zilizochipua na zilizooza, dada yake alipopiga simu kutoka Makambako.

"Kesho asubuhi uwe Njombe mjini, pale hospitali. Uje na uso wako."

"Kwani nilikuwa na mpango wa kuuacha huku Kifanya?"

"Usinitanie, Paska. Daktari anataka kuiona pua yako."

Paskalina alihamishia simu yake ya kitochi sikio la pili, huenda la kwanza limesikia vibaya. "Pua yangu ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo maana anaitaka."

Hapo Paskalina akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamchosha. Kesho ilikuwa zamu ya shamba lake. Wanawake wa kitongoji chao hulimiana, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba asipokuwepo zamu yake inarudi mkiani. Alikuwa ameshachemsha togwa ya kuwapa. Mvua zimeanza, matuta ya majirani yamefunikwa, na mbegu zake yeye bado zinaota macho ndani ya nyumba.

"Mtu mwingine hana pua?"

"Ya babu ni mimi na wewe tu," alisema dada yake. "Na mimi yangu si unaijua."

Aliijua. Dada yake alizaliwa Vestina. Alipoolewa na Halfan, mfanyabiashara wa malori, akawa Zuena, ingawa mama yao mpaka leo humwita Vestina na kungoja aitikie. Wote wawili walirithi pua ya babu, pua pana, iliyotulia usoni kama kuku anayelalia mayai. Paskalina hakuwahi kugombana nayo. Zuena ndiye aliyekaa kwenye duka la vipuri pale Makambako na kioo mbele yake, akaanza kusema, "Paska, sisi tulipandwa kiazi usoni." Sisi! Kila mara alijitukana kwa wingi.

Halfan aliposafiri na mzigo kwenda Tunduma, Zuena alipanda basi la Dar kwa mtu aliyemwona akijitangaza kwenye simu. Akarudi na plasta usoni. Akamwambia mumewe ameangushwa na bodaboda. Plasta zilipotoka, pua ilikuwa nyembamba kama kalamu, na kwa muda watu waliisifu. Zuena akaja Kifanya na mkasi, akajikata kwenye picha zote za nyumbani. Kwenye ile ya kipaimara amebaki gauni jeupe lenye tundu juu. Mama alilia. Zuena akasema, "Mama, yule hayupo tena."

Kisha kalamu ikaanza kulala upande wa kushoto. Tundu la kulia likaziba. Usiku akawa anapiga mluzi kama birika. Dukani akavaa barakoa, wateja wakadhani anakimbia vumbi.

Sasa madaktari bingwa wamekuja Njombe kwa siku chache, na mmoja wao anajua kunyoosha pua. Amemwambia Zuena alete picha yake ya zamani ya upande, au ndugu anayefanana naye. Picha Zuena amezikata. Zilizo kwenye simu amezipitishia ile mitambo ya kupendezesha, kiasi kwamba katika nyingine hana pua kabisa, ana macho na mdomo. Ikabaki pua ya Paskalina, iache viazi vyake, ipandishwe gari.

Asubuhi aliwakuta kwenye benchi la hospitali: Zuena na barakoa yake, na shangazi Rukaiya, shangazi aliyemlea Halfan, na chupa ya chai mapajani. Mgonjwa haendi hospitali peke yake, ndivyo walivyolelewa, na shangazi Rukaiya haachi mgonjwa hata akikatazwa.

"Kamwene, Paska," alimsalimu Zuena, kisha akamnong'oneza sikioni. "Ukiulizwa, ni bodaboda."

"Umemwambia na daktari bodaboda?"

"Shangazi alikuwa ndani! Ningesemaje?"

Paskalina alitazama dari. Huyu mtu alifunga safari kutafuta mtaalamu, akampata, halafu akamdanganya.

Waliingia wote watatu. Daktari alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ehe. Huyu ndiye picha?"

"Ndiye, dokta," alisema Zuena.

"Geuka kulia. Kushoto. Inua kidevu." Paskalina akageuzwageuzwa kama mbuzi wa mnadani. "Yako ilikuwa hivi?"

"Hivyo hivyo. Ila dokta, usije ukanirudishia yote. Hiyo imezidi."

Paskalina alimeza mate na maneno kwa pamoja.

Daktari alimvua Zuena barakoa, akamulika tundu moja, akamulika la pili. "Jana ulisema bodaboda."

"Bodaboda, daktari," alidakia shangazi Rukaiya. "Vijana hawa wanaendesha kama wamefukuzwa na nyuki."

"Alikuwa na mkasi, huyo bodaboda?"

Daktari alizima kurunzi yake.

"Pua inasimama kwa gegedu, kama hema kwenye mti wake. Humu mti umekatwa. Ndiyo maana hema limelala. Nikitaka kulisimamisha nitachukua gegedu kwenye ubavu wako nijenge upya. Siwezi kujenga bila kujua aliyebomoa alifanya nini. Alikuwekea kitu ndani? Palitunga usaha? Lini?"

Zuena alimtazama shangazi, shangazi akakitazama kifuniko cha chupa.

"Kesho mchana naondoka," alisema daktari. "Ninaowapeleka kwa upasuaji kwenye hospitali yetu kubwa nawaamua leo na kesho. Asiyeniambia ukweli simgusi, maana nitamharibu mara ya pili. Mwenzangu mwingine atakuja, sijui lini."

Zuena alifungua mdomo, akapumua kwa mdomo, akaufunga. Paskalina alimngoja. Alikuwa mtu wa kungoja, tangu utoto alimngoja huyu dada kwenye njia ya shule, kisimani, kanisani. Akangoja tena kidogo. Kisha akachoka.

"Dada. Mimi pua nimeleta. Mdomo ulete wewe."

"Paska!"

"Paska nini? Shamba langu linalimwa na nani sasa hivi?"

Shangazi Rukaiya aliiweka chupa sakafuni. "Sema, mwanangu. Mtu ameangushwa na bodaboda, magoti yakabaki laini kama ya bibi harusi? Tangu siku ile nakungoja useme."

Zuena akalia, na kulia na pua iliyoziba ni kazi ya watu wawili. Paskalina akawa anamfuta huku akinuna. Katikati ya kwikwi yakatoka yote: basi, chumba cha juu ya saluni, mtu aliyejiita daktari. Kitu cha kuwekewa hakumbuki. Usaha ulikuwepo, aliutibu kwa vidonge vya dukani.

Daktari aliandika. "Sasa tunaongea. Haitakuwa nyembamba, sina cha kupunguza. Itanyooka, itapitisha hewa, na itakaribiana na hii ya mdogo wako. Siahidi iwe kama uliyozaliwa nayo. Unaitaka?"

Zuena aliitazama pua ya Paskalina muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyumba aliyoiuza. "Naitaka."

"Basi kesho asubuhi uniletee na picha yako. Ndugu amenisaidia, lakini ndugu si wewe."

Nje, shangazi aliuliza swali ambalo Paskalina alikuwa akiliuliza moyoni: "Mumeo hana picha?"

"Nitamwombaje, shangazi? Ataniuliza ya nini."

"Kwa hiyo uliona afadhali umtoe mdogo wako shambani?"

Paskalina akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na la kufanya. Wakapanda gari la Makambako, naye akasombwa eti awe shahidi.

Halfan alikuwa nyuma ya duka, chini ya lori lililosheheni mbao, miguu tu inaonekana.

"Anza wewe," Zuena alimnong'oneza Paskalina.

"Nianze na nini? Mimi nilipanda basi la Dar?"

Miguu ikatoka, kisha Halfan mzima, anafuta grisi kwa kitambaa. Zuena akavua barakoa mbele yake mchana kweupe, akasema yote huku akitazama tairi. Halfan alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Niliporudi kutoka Tunduma nilizunguka vijiwe vyote vya bodaboda hapa, nikimtafuta aliyekuangusha nimkunje. Nikamkunja kijana hana kosa. Wenzake wakanishika, wakaniambia, 'Halfan, mkeo hakupanda pikipiki. Alipanda basi.'"

"Mbona hukusema?"

"Uongo ulikuwa wako. Nikangoja uutoe mwenyewe."

Paskalina aliketi kwenye gogo. Nyumba nzima inangojana! Shangazi anangoja, mume anangoja, mke anapiga mluzi usiku, na zinazooza ni mbegu za Kifanya.

"Shemeji," alisema, "daktari anataka picha yake ya zamani, ya upande. Unayo?"

Halfan alipanda kwenye lori, akashusha kile kibao cha kukinga jua, akachomoa kitu, akashuka nacho. Ilikuwa picha iliyopauka kwa joto. Vestina amekaa juu ya gunia la viazi sokoni, kabla hajaitwa Zuena, anacheka na mtu asiyeonekana, ameugeuza uso upande bila kujua anapigwa picha. Pua yote ipo.

"Ilikuwa humo siku zote?" aliuliza Paskalina.

"Siku zote. Mke wangu hapandi lori, linamtapisha."

Paskalina alifikiria togwa yake. Alifikiria wanawake wa zamu, muda huu wako shamba la mwingine, wanamsengenya. Mtu mmoja tu angefungua mdomo jana, yeye angekuwa kwenye matuta, na pua yake pamoja naye.

Zuena aliishika picha kwa ncha za vidole. Alisoma uso ule polepole. "Paska," alisema, "kumbe hatukuwa na pua mbaya."

"Usiseme kana kwamba zote ni marehemu. Yangu ipo."

Shangazi Rukaiya akacheka mpaka akashika lori. Zuena naye akacheka, na pua ikapiga mluzi, na safari hii hakuifunika.

"Kesho tutakwenda wote kwa daktari, eh? Mdogo wangu?"

"Nenda na picha, nenda na mumeo. Mimi nina viazi." Paskalina alisimama, akakung'uta unga wa mbao kwenye kitenge. "Na daktari akisharuhusu kushika jembe, utakuja Kifanya ulime zamu niliyoikosa. Barakoa uiache huku. Mama anataka kukuona."