Sungura wa Ndooni

Kijiji kizima cha Vitongoji hakuna aliyewahi kumtangulia Mwanawema kwa habari. Nani kaposwa, nani karudi safari na mabegi mangapi, mwani wa nani umeoza majini: yeye ndiye wa kwanza kuliweka jambo kwenye grupu la mama wa watoto wa chuo cha Kurani, wenzake wakiamka hukuta keshamaliza. Na alijivuna kwa hilo, kwa nini asijivune?

Asubuhi ile alirudi kutoka kuanika mwani akamkuta bintiye Saada, wa darasa la pili, kachutama uani, kichwa kizima kakitia ndani ya ndoo ya maji. Akamvuta. Mtoto kawiva uso, macho yamemtoka, anakohoa. Mwanawema akampiga, akamkumbatia, akampiga tena; hofu ikimpanda mtu hajui mkono wake unafanya nini. Saada alipopata pumzi akasema kafundishwa na sungura wa kwenye simu. Kweli alikuwamo, katuni ya sungura mzuri wa kuimba, anawaambia watoto watie vichwa majini wasitoke mpaka wimbo umalizike, na atakayeweza ndiye malkia wa bahari.

Mwanawema aliichukua simu. Kisha akafanya lile analolijua. Akaituma video kwenye grupu, akaandika wazazi watazame wenyewe, astaghfirullah, na wasambaze kila mtu aone. Wakatazama, wakasambaza mpaka kijiji cha Mgogoni. Bi Time, mkubwa wao, akaingia mtandaoni, akaandika chini ya video yenyewe kumlaani sungura na waliomtengeneza, wengine wakafuata na laana zao. Siku hiyo Mwanawema alitembea kifua mbele.

Kesho yake alasiri Bi Mardhiya, anayesomesha watoto Kurani, alimwita pembeni. Usama, mtoto wa jirani, katolewa kwenye pipa la maji hajitambui. Yu hai, alhamdulillahi, lakini kalazwa hospitali ya mjini Chake. Sungura huyo Usama alimuona kwenye simu ya mamake, katika ule ujumbe wa grupu.

"Video ile umeigawa wewe, mwanangu," Bi Mardhiya alisema taratibu.

Mwanawema, yeye wa kwanza kwa kila habari, hii aliletewa. Aibu ilimuuma. Na lililomuuma zaidi lilikuwa nyumbani kwake: tangu vile vipigo, Saada akishika simu humpa mamake mgongo. Akiona jengine baya hasemi. Na mtoto asiposema, utamwokoa vipi?

Bi Mardhiya akamwonyesha la kufanya. Abonyeze vidoti vitatu kwenye video, achague kuripoti, aseme ni ya hatari kwa watoto, na akiulizwa aeleze ni dakika ya ngapi sungura anapowaambia watie vichwa majini. Asiandike laana chini yake, wala asiitume kwa mtu, hata kwa kumwonya. Mtandao hauijui hasira ya mtu. Aliyetazama kwa uchungu huhesabiwa pamoja na aliyependa, na video huzidi kupelekwa kwa wengine.

Akaripoti. Lakini ripoti yake peke yake haikutosha, video ilishaingia kwenye simu za watu. Basi Mwanawema akajitanda kanga, akamshika Saada mkono, akaenda kupiga hodi mlango kwa mlango. Kila alipokaribishwa alisema lile lile, kwamba yeye ndiye aliyewaletea na sasa kaja kuitoa. Wapo waliomcheka. Akameza, akasubiri mpaka wamefuta na kuripoti kwa vidole vyao. Bi Time ndiye aliyegoma: keshalaani, Mwanawema anataka nini zaidi?

"Laana yako, Bi Time, sungura kaihesabu shangwe," Mwanawema alimwambia. "Tumempigia makofi sote, na mie ndiye niliyeanza."

Bi Time akatoa simu chini ya mto. Saada alikuwa akimtazama mamake tu. Hajapata kumsikia akisema kakosa.

Siku zikapita, mtandao ukajibu kuwa video imeondolewa. Usama keshatoka hospitali, anawaringia wenzake kwa kulala kitanda cha magurudumu. Kwenye grupu wakapigiana vigelegele vya maandishi, lakini Mwanawema hakuandika kitu. Mgongo wa Saada bado ulikuwa unamwelekea.

Mpaka Ijumaa moja, yuko jikoni anageuza wali, mtoto akaingia na simu, kioo kakifunika kwa kiganja.

"Mama, kuna paka anafundisha watoto kumeza betri ya rimoti," alisema. "Sijamtumia mtu. Njoo tumripoti."

Mwanawema aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Wakakaa chini wote wawili, na Saada ndiye aliyebonyeza. Kisha mama akavuta kanga, akamshika bintiye mkono, akarudi kwenye milango ile ile, kuanzia kwa Bi Time. Simu kaiacha juu ya kabati. Safari hii hakuwa na cha kuwaonyesha ila mtoto mwenyewe.

"Kaja kwangu," aliwaambia kila nyumba, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Kaona baya, akaja kwangu."

Wali uliungua wote, na waliula hivyo hivyo.