Abiria wa Sita

Alhamisi saa nne asubuhi, Uwamwezi alipiga magoti juu ya mawe meusi ya mji wa Sake na kuchungulia uvungu wa gari jeupe. Alikuja na tochi ya kazini, ile anayowaangalizia akina mama wakati wa kujifungua, kwa sababu alikuwa mkunga na hakuwa na tochi nyingine. Chini ya gari kulikuwa kweusi, kukinang'aa, na kulinukia lami mbichi.

“Hii rangi nyeusi iko ya nini, Papa Floribert?”

“Iko goudron, Mama,” alijibu muuza magari. “Njo inalinda bati. Motoka yenye haina goudron, wee usinunue.”

Kanyamibwa, dereva, aligonga mlango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anayechagua boga. Mlango ulitoa sauti nzuri. Akakanyaga sakafu kwa kisigino. Sakafu haikusema kitu, kwa maana ilikuwa imefunikwa kwa tapi mpya, zulia nene la rangi ya kijivu. Floribert akawaonyesha karatasi ya kontrole, ule ukaguzi wa magari, iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Ilikuwa na muhuri wa juzi, nayo ilisema kwamba breki ni nzuri, taa ni nzuri, na gari linaweza kutembea mwaka mzima.

Uwamwezi aliisoma mara mbili. Akina mama wa kijiji cha Bihambwe, juu mlimani, walikuwa wameuza maharage na jibini kwa miaka mitatu ili wapate gari hilo. Mwaka uliotangulia, wanawake wawili walijifungulia juu ya pikipiki njiani kwenda hospitali, na wa tatu hakufika. Alikunja karatasi ya mauzo, akaitia kifuani, wakapanda mlima.

Wa kwanza kusafirishwa alikuwa Noëlla, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Ilikuwa Jumatatu mchana, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, halafu ukasimama. Uwamwezi alikaa naye kiti cha nyuma. Kabla hawajafika kwenye mteremko mrefu wa kushuka Sake, Noëlla alimshika mkono.

“Mama Uwamwezi, maji imetoka.”

Uwamwezi alipeleka mkono chini. Maji yalikuwa mengi, ya uvuguvugu, rangi ya chai, na ndani yake mlikuwa na jani dogo. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa hajaona maji ya uzazi yenye jani.

“Haiko yako,” alisema. “Lala tu.”

Akainua tapi. Chini ya tapi kulikuwa na katoni iliyolowa, na chini ya katoni kipande cha bati la kopo la mafuta kilichogongwa na kugandishwa kwa gundi ya mastiki. Alipokigusa, kilianguka pamoja na kutu iliyokizunguka, ambayo ilivunjika vidoleni kama biskuti. Likabaki tundu la ukubwa wa sahani ya bugali. Mtu angetazamia kuona mawe ya barabara ya Bihambwe yakipita. Ulikuwa ukipita mto. Ulikuwa mpana, wa kahawia, wenye mwendo wa taratibu, na juu yake yalielea matawi na povu.

Kanyamibwa alisimamisha gari. Mto haukusimama. Alishuka, akalala kifudifudi na kutazama kutoka chini: aliona tundu na goti la Uwamwezi. Akarudi ndani na kutazama kutoka juu: aliona mto.

“Ile maji haiko ya huku,” alisema.

Kisha mwanamke akatokeza kwenye tundu, kichwa na mkono mmoja, kilemba chake kikiwa kimelowa. Alisogeza vipande vya kutu ili visimwingie Uwamwezi kwenye viatu.

“Bonjour, Mama. Bonjour, Papa chauffeur. Munaenda wapi?”

“Sake,” alisema Kanyamibwa. “Tuko na mama wa kuzaa.”

“Pole sana, dada,” mwanamke alimwambia Noëlla. “Miye nilizaa ine. Ya kwanza njo inasumbuaka.” Kisha akamgeukia Kanyamibwa. “Papa, usishuke ile mulima. Angalia kwanza tuyau ya freni, ya nyuma, upande wa kushoto. Kwetu ilikatikia pale.”

Kanyamibwa alirudi chini na bisibisi. Alikwangua lami, na mrija wa breki ukamjia mkononi kama bua kavu la maharage. Alimpelekea Uwamwezi, akamwonyesha. Noëlla, ambaye alikuwa ameona yote kutoka alipolala, alimshukuru mwanamke wa kwenye tundu.

Waliweka mawe chini ya magurudumu na kuwaita wanaume waliokuwa wakilima jirani. Wanaume wakaleta ngobyi, ile machela ya kusuka ambayo Bihambwe ilitarajia kuipumzisha. Sita walimbeba Noëlla kwa kupokezana. Baada ya kona ya tatu uchungu ulirudi kwa nguvu, wakamteremsha kwenye kivuli cha mikaratusi na kugeuza migongo. Mtoto alizaliwa pale, msichana, na alilia kabla Uwamwezi hajamaliza kumfuta.

Kanyamibwa alibaki kulinda gari na kuongea na mwanamke. Jina lake lilikuwa Joséphine-Marie, mkazi wa Hombo, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Miaka miwili nyuma gari hilo lilikuwa la kijani, nalo lilifanya safari za Walikale. Kwenye kituo dereva wa wakati huo aliandikisha abiria watano. Yeye alipandia njiani, baada ya kizuizi cha barabarani, na bidoni zake mbili za mafuta. Kwenye mteremko wa kuufikia mto breki ilikatika, na gari halikulipata daraja. Dereva aliruka na kutoroka; watano walitolewa majini, wakazikwa, majina yao yakasomwa kanisani. Gari nalo lilivutwa, likakaushwa, likapakwa rangi.

“Na weye?” aliuliza Kanyamibwa.

“Liste ilisema tano. Balihesabu tano, ikatosha.” Alionyesha ukingo wa tundu. “Miye mguu yangu ilipita mu hii kutu, ikakwama. Njo maana niko hapa.”

Hakuwa na hasira. Aliomba kitu kimoja tu: mumewe, Déo, aambiwe.

Wiki hiyo hiyo Kanyamibwa alifunga mrija mpya, na wakalishusha gari polepole hadi kwa fundi wa kontrole, mtu aliyeitwa Yves. Yves alitoka ofisini na fomu yake juu ya ubao. Alipiga honi, akawasha taa, akainama juu ya tundu. Alimsalimia Joséphine-Marie naye akaitikia. Kisha akapitisha kalamu kwenye fomu kutoka juu hadi chini.

“Mama, kwa hii fishi hakuna mustari ya muto.”

“Kuko mustari ya freni,” alisema Uwamwezi. “Uliandika iko muzuri. Chauffeur wangu aliikamata kwa mukono, ikavunjika.”

“Siku ile nilikuwa na motoka makumi ine. Motoka yenu haikufika hata. Walileta karatasi yake ya zamani, nikaona ilisema freni iko muzuri, nikafuatisha.”

“Na ile ya zamani,” aliuliza Joséphine-Marie kutoka sakafuni, “nani aliandika?”

Yves alikwenda ndani kutafuta. Alirudi na karatasi iliyofifia, akaiangalia sahihi kwa makini, akailinganisha na ya mkononi mwake.

“Iko miye,” alisema.

Walingoja. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, lakini jambo lenyewe halikuja. Akawaeleza kwamba karatasi haiwezi kufutwa kabla ya tarehe yake, na kwamba mambo ya marehemu ni servisi ingine. Joséphine-Marie alitoa kitambulisho chake, kikichuruzika maji. Yves alikipokea kwa adabu, akakigeuza, akamrudishia. Kilikuwa kimepitwa na muda.

Floribert hakukana chochote. Nilipolinunua, alisema, mto ulikuwa tayari humo, na aliyeniuzia hakuniambia. Alijitolea kuchomelea bati jipya bure na kuwatafutia mnunuzi wa mbali.

“Kuko muntu ndani,” alisema Uwamwezi.

“Njo maana nasema bati ya nguvu, Mama.”

Akina mama walikutana mbele ya kituo cha afya, wakakaa kwenye nyasi karibu na gari. Wengine walitaka liuzwe. Miaka mitatu ya maharage, walisema, na hata mgonjwa mmoja halijamfikisha. Nyiramana, mwenye kuongoza chama, aliwasikiliza wote. Kisha akafungua mlango wa gari na kumwuliza Joséphine-Marie mwenyewe anaonaje.

“Bale balituuzia safari balikuwa pia na sababu zao,” alijibu. “Miye siwezi kuwaambia kitu. Niko ndani tu.”

Nyiramana aliuliza nani bado anataka liuzwe. Hakuna aliyenyoosha mkono, na gari halikuuzwa.

Déo, aliyepelekewa ujumbe, alifika siku ya tisa, akiwa amezungukia njia ya Bukavu. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya sufu. Alivua viatu kabla ya kupanda, akakaa kwenye kiti cha nyuma. Uwamwezi alitaka kuwaacha peke yao, lakini Déo alimwomba abaki.

“Miaka mbili,” Déo alisema, “nilikuwa nakukasirikia.”

“Balikuambia nini?”

“Hakuna mwenye aliniambia kitu. Niliuliza kwa kituo, wakasema jina yako haiko kwa liste. Basi nikafikiri ulinikimbia. Bantu bakasema bamekuona Bukavu na bwana moja wa dhahabu. Nikarudisha nguo zako kwenu. Nikaambia watoto mama yenu ametutupa.” Alivua kofia. “Ule mukubwa, hata jina yako hatakagi kuisikia.”

Mto ulipita.

“Bwana wa dhahabu,” alisema Joséphine-Marie. “Na miye nilikuwa na bidoni mbili za mafuta na deni ya chumvi.”

Déo alicheka, halafu kicheko kikageuka. Alilia akiwa ameinama, na machozi yalianguka mtoni, yakaenda zake. Mkewe alimwekea mkono wenye maji juu ya kisigino, mahali pekee alipoweza kufika.

Mchana Kanyamibwa alileta msumeno wa chuma na kuanza kukata ukingo wa tundu, vidole viwili kwa kila upande, pale ambapo kutu bado ilikuwa na nguvu ya kushika. Kazi ilichukua saa tatu. Mguu ulipotoka, Joséphine-Marie aliusugua kifundoni na kuukunja mara kadhaa.

“Hii muto inapita nyuma ya nyumba yetu,” alimwambia Déo. “Nitatangulia. Wewe ukuje na njia.”

Alimuaga kila mtu kwa jina, akamtakia heri mtoto wa Noëlla, akaachia. Maji yalimchukua kwa mgongo, uso juu, taratibu. Déo alikuwa tayari amesimama akiulizia pikipiki.

Kabla hajaondoka, Déo alihitaji karatasi ya kuthibitisha kifo. Uwamwezi hakuwa na rejista ya wafu. Kituo cha afya kilikuwa na ya uzazi peke yake. Aliifungua, akamwandika Joséphine-Marie kwenye mstari unaofuata, mahali pa tarehe akaweka tarehe ya ajali, mahali pa uzito akachora kistari. Alinakili ukurasa na kuupiga muhuri. Baada ya mwezi Déo alituma ujumbe kwamba watoto wameelewa, na yule mkubwa amekuwa akienda kukaa mtoni jioni. Ofisini walikuwa wamemrudishia ukurasa. Walisema muhuri ni wa kuzaliwa, na kwamba ajali ile ilikuwa na marehemu watano.

Gari lilibaki kando ya kituo cha afya. Wakati wa ukame akina mama walichota humo maji ya kufulia. Wagonjwa walishuka kwa ngobyi kama zamani.

Mwezi wa tisa Uwamwezi alishuka Sake kutafuta glavu. Alipita kwenye uwanja wa Floribert. Palikuwa na magari saba, yote yakinukia lami. Yves alikuwa amehamishia meza yake hapo hapo, chini ya mwavuli, ili watu wasichoke na safari. Mbele ya gari la bluu alisimama mwalimu mmoja wa upande wa Masisi, aitwaye Esdras, aliyekuwa akitafuta gari la kupeleka wanafunzi kwenye mitihani.

“Papa,” Uwamwezi alimwambia, “inua tapi.”

Esdras aliinua. Chini ya tapi, chini ya katoni, kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu barabara nyekundu yenye vumbi ambayo haikuwa ya Sake. Kando yake walikuwa wamekaa mwanamume na msichana wa sare ya shule, mizigo ikiwa magotini. Mwanamume alipunga mkono. Esdras naye alimpungia. Kisha akaishusha tapi na kuilainisha kwa kiganja hadi mikunjo yote ikaisha.

“Aksanti, Mama. Nimebaona.” Alijifuta vumbi kwenye suruali. “Lakini nimefungua zote saba. Hii njo iko na bantu kidogo.”