Fundi wa Watu

Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Hilo ndilo lililomkaa fundi kooni tangu asubuhi, alipopiga magoti mbele ya sinki la jikoni kwake na kufungua kabati la chini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nyumbani kwa wateja kazi kama hiyo aliimaliza huku akipiga soga, chai aliyotengewa ikiwa bado ya moto. Kwake mwenyewe ilimchukua miezi kumi na mmoja kuianza, na siku aliyoianza ndiyo siku ambayo mkewe alikuwa anarudishwa kutoka hospitalini kwa kiti cha magurudumu.

Mtaani walimwita Leo Leo, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpigia simu saa nne, saa sita yuko chini ya sinki lako, miguu ndiyo iliyobaki nje. Kwa wateja hakujua kabisa kusema kesho. Neno hilo alilitunza kwa matumizi ya nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi pia, fundi wa cherehani, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Alimtungia mumewe jina la ndani: Fundi wa Watu. Akisikia mlango jioni angesema, "Fundi wa Watu karudi, tumpishe apite." Taa ikigoma, bawaba ikilia, angesema tusimsumbue Fundi wa Watu, ana watu wake. Alisema akicheka, mume naye akicheka, na miaka ikaenda hivyo hivyo kwa kicheko.

Tangu aanguke, wiki tano zilizopita, hakulitamka jina hilo hata mara moja. Si kwamba alinuna. Kama angenuna, fundi angejua la kufanya. Kitandani hospitalini alizungumza naye kwa adabu, akamwomba maji, akamshukuru kwa maji, akamwambia aende akapumzike. Fundi angetoa chochote alichonacho aitwe Fundi wa Watu tena, hata kwa matusi. Hicho ndicho alichokwenda kukitafuta chini ya sinki asubuhi ile, na alijua hivyo.

Mashine ya kuoshea vyombo binti yao ndiye aliyewanunulia, mama alipolalamika kwamba sabuni inampasua vidole, na vidole vyenye nyufa vinakwaruza vitambaa laini vya wateja. Fundi aliifunga mwenyewe, akaifunga barabara. Mpira wa kutolea maji machafu aliupitisha ndani ya kabati, akaupandisha hadi juu karibu na sinki ili uchafu usirudi kwenye mashine, kisha akaushusha na kuuchomeka kwenye bomba la chini ya sinki. Pale kwenye kiungo aliubana kwa klipu, ule mkanda mdogo wa chuma wenye skrubu. Halikudondoka hata tone.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Mteja wa mtaa wa pili alikuwa na mashine ya namna hiyo hiyo, na wageni walikuwa njiani. Klipu yake ilikatika mkononi mwa fundi, maduka ya vifaa yameshafungwa, na Leo Leo kusema kesho hawezi. Alirudi nyumbani mbio, akajipenyeza chini ya sinki lake, akaifungua klipu yake mwenyewe. Mkewe ndiye aliyemshikia tochi.

"Na sisi je?" aliuliza.

Fundi akazungusha waya pale ilipokuwa klipu, akaukaza kwa koleo, akasema utashika siku mbili tatu. Wakaiwasha mashine kujaribu, kukawa kukavu. Kesho, alisema, ataleta klipu mpya. Yule mteja alimsifu mbele ya wageni wake kwamba mafundi wa namna hii hawazaliwi tena, na fundi alirudi nyumbani kifua mbele.

Klipu si kitu cha kuuza shamba. Wiki iliyofuata alikuwa na pakiti nzima kwenye gari, akazitumia zote katika nyumba za watu, akanunua pakiti nyingine. Mkewe alimwambia kuna maji kidogo chini ya kabati. Kesho. Akamwambia tena, safari hii akiwa ameshika tambara linalochuruzika. Kesho, mke wangu, nimechoka hata mgongo haukunjiki. Baada ya hapo mama aliacha kusema, na fundi akaona mambo yamejitengeneza. La, hilo ni kumtetea. Hakuona lolote. Alifurahi tu kwamba haulizwi.

Basi asubuhi hii ya leo alifungua kabati akakuta mambo ambayo mkewe alikuwa akiyafanya peke yake kwa karibu mwaka mzima.

Kulikuwa na bakuli la plastiki la bluu, ndani likiwa na alama za chokaa, mstari juu ya mstari, kila mmoja ukionyesha maji yalipofikia. Pembeni kulikuwa na matambara yaliyopangwa kwa ukubwa, na yote yamepindwa kingo. Mtu gani anapinda kingo za matambara ya sakafu? Ubao wa chini ya kabati ulikuwa umevimba na kubonyea, isipokuwa duara moja lililokuwa bado zima, mahali bakuli lilipokaa siku zote. Na pale kwenye kiungo, juu ya waya wake, kulikuwa na mkono mdogo wa plastiki, kama mkono wa shati, wa kitambaa kile cha kutandikia meza chenye maua, ulioshonwa kulizunguka bomba na kukazwa kwa lastiki juu na chini.

Fundi aliuvua taratibu. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, ukafumuliwa mahali fulani na kurudiwa kwa uzi wa bluu, kisha ukaongezwa kipande kwa uzi mweusi. Mara tatu mkewe aliingia humu kichwa na mabega, na kiuno chake kile kinachomuuma, akapima, akarudi chumbani kwenye cherehani, akashona, akaja kujaribu. Plastiki haiwezi kuzuia maji yanayosukumwa na mashine. Mtoto wa shule angemwambia. Lakini ilikuwa imeyapunguza. Kazi ilikuwa safi, ya mtu anayeheshimu kazi.

Mara zote hizo mume alikuwa kwenye chumba cha pili akitazama mpira kwenye televisheni.

Asubuhi aliyoanguka, mkewe alikuwa amelibeba bakuli limejaa, akageuka kuelekea mlango wa uani, na vigae vilikuwa vimelowa. Alilala pale kwa muda wa saa mbili na nusu. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na alimpigia mumewe mara kumi na nne. Simu ya fundi ilikuwa kwenye koti, koti likiwa kwenye gari, na fundi alikuwa chini ya sinki la watu akimweleza mwenye nyumba kwamba uvujaji mdogo si wa kudharauliwa. Mara ya kumi na tano mama alimpigia binti yao, aliye mji mwingine, na binti ndiye aliyemtafuta jirani. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari alisema baada ya upasuaji kwamba atasimama, kwa kushikiliwa. Walipomuuliza kama ataweza kukanyaga cherehani, alianza kupekua makaratasi yake.

Fundi akajikaza kisabuni, akafanya kazi. Waya ulikuwa umekula kutu, ukakatika kwa kuguswa tu. Ncha ya mpira ilikuwa imekakamaa na kupasuka, ufa wa urefu wa ukucha. Aliikata ncha hiyo, upana wa vidole viwili, akapaka sabuni ndani, akausukuma kwenye bomba hadi mwisho, akatia klipu. Akatia na ya pili nyuma yake. Akang'oa ubao uliooza, akapima na kukata mpya, akauweka. Alipotazama saa ya ukutani, ukiacha ubao, kazi ilikuwa imechukua dakika kumi na nane.

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mashine, akalia. Kilikuwa kilio cha mtu mzima aliyekuwa hajalia siku nyingi, kibaya kukisikia, na hapakuwa na wa kukisikia. Baadaye alinawa uso. Matambara aliyafua, bakuli akalipeleka uani na kulificha nyuma ya pipa la taka, na ule mkono wa plastiki akautia kwenye mfuko wa shati. Hakujua autupe vipi.

Walifika alasiri. Binti alimsukuma mama yake hadi ndani, akampa baba yake shikamoo ya malezi tu, akaingia chumbani kutandika kitanda. Alitaka mama alale. Mama akasema ataketi kwanza jikoni, hajaliona jiko lake wiki tano.

Alikuwa amepungua. Mikono yake ilikaa mapajani kama vitu vilivyowekwa na mtu mwingine. Alitazama vigae, dirisha, sinki. Fundi alikuwa amevipanga vyombo ndani ya mashine tangu mchana akisubiri saa hii, na sasa aliiwasha, akavuta kigoda, akaketi karibu na kiti chake.

Alimweleza kila kitu, kama anavyomweleza mteja, maana hakuwa na lugha nyingine. Mpira ameukata, penye ufa pameondoka. Klipu ameweka mbili, hata moja ingetosha. Ubao ni mpya. Mkewe aliitikia kwa kichwa kila alipopaswa kuitikia. Mashine ilizunguka saa nzima na zaidi, na maneno ya fundi yakaisha kabla haijafika nusu. Mara mbili aliushika mfuko wa shati, akitaka kuutoa ule mshono, aseme nimeuona, nimeona mara zote tatu. Mara zote mbili mkono ulirudi mtupu.

Hatimaye mashine ikaanza kusukuma maji nje. Fundi alifungua kabati, akatandaza karatasi nyeupe juu ya ubao, akangoja hadi mngurumo ukakoma. Akaitoa karatasi, akaigeuza huku na huku mbele ya macho ya mkewe.

"Kavu," alisema. "Haivuji tena."

Mkewe aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye. Sasa atasema, fundi aliwaza. Atasema, hongera, Fundi wa Watu, leo na sisi tumekuwa watu.

"Bakuli langu liko wapi?"

"Nimelitoa. Halina kazi tena."

"Lirudishe."

"Mke wangu, pamepona. Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Hata ule waya siku ya kwanza ulikuwa mkavu." Hakupaza sauti. Hakukuwa na hasira ndani yake, wala kebehi. "Lirudishe, tafadhali."

Hilo tafadhali ndilo lililommaliza. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa mkewe hakuwahi kumwambia tafadhali.

Alikwenda uani, akalitoa bakuli nyuma ya pipa, akalisuuza. Alipiga magoti akaliweka ndani ya kabati, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui likae wapi. Duara lilikuwa kwenye ubao wa zamani, na ubao wa zamani alishauvunja vipande.

"Lisogeze kushoto," mkewe alisema nyuma yake. "Nyuma kidogo. Hapo."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mto mkononi. Aliona yote, akarudi chumbani.

Wiki zilipita. Cherehani ilifunikwa shuka, binti akarudi kwake. Mama alijifunza kusimama akishika meza, hatua nne, wakati mwingine tano, na alimshukuru mumewe kila alipomshika mkono. Fundi alitengeneza bawaba, akatengeneza taa, akatengeneza hata dirisha lililokuwa zima. Wateja walipopiga simu asubuhi, aliwaambia kesho. Wakashangaa, kisha wakazoea, kisha wengi wakatafuta fundi mwingine.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, alipiga magoti mbele ya sinki, maana mkewe aliuliza kila asubuhi. Katika wiki ya sita alitia kiganja ndani ya bakuli, akakipitisha kote, chini na kwenye kingo, akagusa na klipu zote mbili juu yake. Hapakuwa hata na unyevu. Fundi alibaki vilevile, mkono ndani ya bakuli, akatamani kwa roho yake yote kulikuta tone moja, apate cha kutengeneza.

"Lina kitu?" mkewe aliuliza.

"Hamna kitu," akasema.

"Asante," akasema mkewe, akageuza kiti chake kuelekea dirishani.