Chaja Nzito

Wacha niseme haya maneno mara moja, nisiulizwe tena. Mimi ni karani wa kituo cha majani chai, huku ndani kidogo ukitoka Sosiot, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtu akileta mfuko wake, kabla sijautundika kwenye mizani mkono wangu umeshajua. Wakimwagia majani maji, najua. Wakificha jiwe katikati, najua, na hilo jiwe nalitoa mbele ya foleni yote watu wacheke. Huo mkono ndio ulioniponza.

Msichana wangu Fancy alimaliza chuo pale Kabianga, halafu akakaa nyumbani miaka miwili akituma maombi ya kazi mpaka mimi nikaacha kuuliza. Mwezi jana kampuni moja ya Nairobi ikamwita interview. Jumatano saa nne asubuhi, kwa laptop. Wangemuuliza maswali, kisha wampe hesabu azifanye kwenye hiyo laptop wakimwangalia, kwa hivyo simu haingesaidia. Basi Jumatatu ndama akaingia sebuleni akatafuna waya wa chaja. Laptop ilikuwa imebaki na chaji kidogo sana.

Fancy akaniandikia karatasi. "Baba, kuna hizi za USB-C, si lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza laptop. Lakini iwe wati sitini na tano, na iwe inatoa volti ishirini. Usiangalie mbele. Geuza, usome yale maandishi madogo."

"Mimi nasoma mizani kila siku, nishindwe na chaja?" nikamwambia. Karatasi nikaitia mfukoni, na huko ikakaa.

Jumanne mchana nikafika kwa Mureithi, yule wa duka la simu pale Sosiot; jina lake tu linakuambia wazazi wake hawakutoka huku kwetu. Akanisalimia vizuri kabisa kwa lugha yetu, "Chamgei, mzee," kama mtu wa nyumbani. Nikamweleza. Akanitolea kitu kidogo hivi, kama kipande cha sabuni kilichoisha nusu. Nikakipima mkononi. Kai! Hakuna kitu. Hewa tupu.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo yenyewe, mzee. Ya kisasa. Soma hapa, volti ishirini, sitini na tano. Hata lete laptop tujaribu kwanza."

"Laptop ni kubwa vile na wewe unanipa kitu ya kuchaji tochi?"

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Duka lilikuwa na watu, na mimi nikiwa na watu sauti hupanda yenyewe. Nikamwambia mbele ya wote, "Nyinyi mlizoea kuja huku kutuibia. Mnatuona washamba."

Watu wakatazama chini. Mureithi akarudisha ile chaja kwenye boksi yake, polepole. "Mimi nimezaliwa hapa Sosiot, mzee," akasema, na akamgeukia mteja mwingine.

Nikavuka barabara. Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa kupita, amepanga vitu vyake juu ya turubai. Alikuwa na chaja nyeusi, kubwa, mbele imeandikwa sitini na tano kwa herufi za dhahabu. Nikaiinua. Hiyo sasa! Ilijaa mkono. Sikugeuza, sikusoma chochote, nikanunua nikaenda zangu.

Nyumbani nilifika ng'ombe wakikamuliwa. Nilimpa Fancy ile chaja, na kwa sababu nilikuwa na raha zangu nikamsimulia yote, vile nilivyomweka Mureithi mahali pake, neno kwa neno. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aligeuza chaja, akaisogeza karibu na dirisha.

"Baba, hapa imeandikwa volti tano, ampea tatu. Tano mara tatu ni kumi na tano. Hii ni ya simu."

"Na ile sitini na tano ya mbele?"

"Mbele mtu anaandika anachotaka."

Nikamwambia aichomeke kwanza, aache uoga. Akaichomeka. Taa ya laptop ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Tukaiacha hivyo hadi asubuhi. Asubuhi chaja ilikuwa moto, inanuka plastiki, na laptop ilikuwa na chaji kidogo kuliko ya jana. Ilikuwa bado saa kumi na mbili na nusu.

Nikashikwa na hasira, nikachukua kisu nikaipasua hapo mezani. Ndani kulikuwa na kidude cha waya, kidogo kuliko ukucha wangu. Na pembeni, kimebandikwa kwa gundi, kipande cha chuma. Chuma tu. Hakikuungwa na waya wowote. Kiliwekwa pale ili mtu kama mimi ainue, atingishe kichwa, alipe. Jiwe ndani ya mfuko wa majani, na mimi ndiye niliyebeba mfuko.

Nilikitazama kile chuma na masikio yakawaka moto. Fancy alikitazama pia. Angenitukana ningepata nafuu. Alifunga laptop, akaitia kwenye begi, akavaa viatu vyake vya kanisani, akatoka.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kutafuta," akasema, bila kugeuka.

Ilikuwa siku ya kununua majani. Nilienda kituoni, nikapima mifuko kama sita, nikaona siwezi. Kila mama aliyeniangalia nilidhani anajua. Nikamwachia mwenzangu Weldon mizani, nikapanda pikipiki hadi Sosiot. Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia Mureithi nimekosa, aniuzie ile ndogo kwa bei yoyote, nimtafute mtoto kabla ya saa nne.

Pikipiki ilipata pancha. Nilifika saa nne imepita.

Redio ya duka la Mureithi, ile isiyonyamaza siku yote, ilikuwa imezimwa. Mureithi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anawazuia wateja kwa mkono. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

"Pole, mzee, ngoja kidogo," akaninong'oneza. "Kuna msichana ako interview."

Nikachungulia. Fancy alikuwa nyuma ya kaunta, laptop juu ya katoni, anaongea Kizungu kilichonyooka, vidole vinakimbia. Ile chaja ya sabuni ilikuwa imechomekwa ukutani, kimya, inafanya kazi yake. Nilisimama pale kwenye jua na wale wateja, nikingoja.

Alipomaliza alitoka akiwa anashika kifua. "Wamenipitisha! Wiki ijayo naonana na mkubwa wao." Alikuwa anamwambia Mureithi. Kisha akaniona, na uso ukafunga.

"Mnajuana na huyu mzee?" Mureithi akamuuliza.

Fancy aliangalia chini, kwenye viatu vyangu. "Ni karani wa kituo chetu cha majani," akasema.

Nilingoja aongeze. Hakuongeza. Na mimi nilijua kwa nini. Alikuwa amekuja kuomba kwa mtu niliyemwita mwizi, angesema yeye ni wa nani? Mdomo wangu ulifunguka niseme huyu ni damu yangu. Nikaona aibu yake, nikaufunga.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni karani." Halafu nikajikaza. "Mureithi, yale ya jana nilikosa. Nisamehe."

"Ya jana yalienda na jana, karani." Alinipa mkono, na mkono wake haukuwa na kinyongo. Kisha akaonyesha Fancy kwa kidevu. "Huyu amefika hapa nikifungua, hana kitu, akaniomba kwa heshima hata nikashindwa kukataa. Wewe unamjua baba yake?"

"Namjua."

"Ukimwona, mwambie amelea."

Fancy alikuwa anakunja waya, hakuinua kichwa.

"Nitamwambia," nikasema.