Maji ya Biro ya Wageni

Wazungu wa Kindu walisema Biro ya Wageni ilifungwa kwa kuwa wageni walikuwa haba. Uongo mtupu. Wageni walikuwa tele: kila meli ya mto iliyotoka Ponthierville iliwatapika gatini, wekundu, wameloa jasho, na wote ilibidi wangoje treni ya kwenda Kongolo. Biro ilijengwa kwa ajili yao, kati ya gati na stesheni, kijumba cheupe chenye baraza, viti vya mianzi, na ramani ukutani iliyochorwa simba kila pembe, hata pale penye mashamba ya mpunga ya watu. Hapo mzungu alipewa kiti, karatasi zenye picha na maji ya kunywa. Mtu mweusi aliingojea treni ileile juani, amekalia mizigo yake.

Maji yalikuwa kazi ya Mwanahamisi, mjane wa mtaa wa Waislamu. Aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayatia kwenye mtungi aliokwisha kuufukiza ubani. Usafi wake ulijulikana mjini kote. Hakuna arusi wala maulidi iliyopikwa Kindu bila yeye kushika mwiko, na akina mama walikuwa wakisema kwamba chakula cha mkono wake mtu hula amefumba macho. Mume alikwisha kufa, shamba lilichukuliwa na ndugu za mume. Lililobaki lilikuwa jina hilo, naye alilitunza kuliko nguo zake za Idi.

Kazi aliipata kupitia mtoto wake, karani wa biro. Yeye alimzaa akamwita Assani. Mapadri wakambatiza Félicien, maana bila maji ya kichwani hakuna darasa. Mama mtu alimeza hilo. Alimeza pia soksi ndefu, na ile tabia ya kuongea Kifaransa hata na kuku. Alikuwa mtoto wake mmoja, na ukimpenda mtoto unayameza mengi.

Sasa, mtu yeyote wa Kindu, Mwislamu au Mkristo, anajua kwamba maji ya mgeni huonjwa kwanza na mwenye kuyatoa. Unapiga funda moja mbele ya macho yake, katika chombo kilekile, kisha unampa kwa mikono miwili. Maana yake humu hamna sumu, nami sina neno na wewe. Kumpa mtu maji bila kuyaonja ni kumtukana. Félicien alimkataza mama yake asifanye hivyo kwa wazungu, naye alitii kwa namna yake: alionja jikoni, akaifuta glasi vizuri, ndipo akaitoa. Kumpa mtu maji hivihivi tu hakuweza. Mkono ulikataa.

Siku moja ikaja meli na mama mmoja wa kizungu, mzee, amechoka hadi midomo imepauka. Aliketi peke yake barazani, akamwona Mwanahamisi mlangoni, akamsalimu kwa Kiswahili cha kubabaisha na kumwita mama. Hakuna mzungu aliyewahi kumwita hivyo pale. Moyo wa Mwanahamisi ukalainika, na akaona itakuwa aibu kumwonjea mtu huyu mafichoni kama mwizi. Akasimama mbele yake, akapiga funda moja, akamnyooshea glasi kwa mikono miwili na kupiga magoti kidogo. Kosa lake lilikuwa heshima, basi.

Yule mama aliirusha glasi kana kwamba ndani mna nyoka. Alipangusa mikono kwenye gauni, akapangusa tena, akaenda ukingoni mwa baraza akatapika, na maji hakuwa hata ameyagusa. Alitapika kwa sababu ya midomo ya mtu mweusi ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwita mama muda huohuo.

Madame Jacqueline aliitwa. Huyu alikuwa mke wa mfanyabiashara wa pamba na mkubwa wa kamati ya wazungu iliyoiendesha biro. Alimwuliza Félicien kwa Kifaransa, na Mwanahamisi, ambaye hakijui, alimtazama mtoto wake akijibu kwa maneno machache, macho chini. Hakuelewa kilichosemwa. Alidhani anatetewa.

Kesho yake biro ilifungwa, kwa muda, walisema. Mtu wa hijeni, mkaguzi wa usafi wa mji, akaja na vijana wake wakamwaga dawa ya kunuka sakafuni na kuvunja glasi zote nyuma ya nyumba, na mji mzima ukasimama kutazama. Mwanahamisi naye akapelekwa dispensari. Mbele ya foleni ya watu wanaomjua, akafunguliwa mdomo kama mbuzi wa kuuzwa, akavutwa kope, akachunguliwa vidole. Hawakukuta kitu. Lakini kuchunguliwa kwako watu wanakuona, na kutokukutwa na kitu hakuna anayetoka kwenda kukutangaza.

Maneno yakatembea. Kwanza ilisemwa ana kifua, halafu ana ugonjwa wa ngozi anaouficha chini ya nguo, mwisho ikawa wazungu wamegundua jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tunalila kila arusi. Arusi ya binti wa Hadidja, jirani na shoga yake tangu utoto, ilikuwa karibu. Siku ilipofika Mwanahamisi alikwenda alfajiri kama kawaida, na kitambaa chake cha kichwa kipya. Hadidja alimpokea kwa bashasha nyingi mno, akamwambia leo apumzike, akae na wazee. Mwiko alikuwa nao mtu mwingine. Mwanahamisi alikaa na wazee mchana kutwa akila wali uliopikwa vibaya.

Usiku huohuo hakulala, na asubuhi alimwuliza mtoto wake alichowaambia wazungu.

Félicien alikuwa akikunja soksi zake. Hakuinua kichwa. “Nilisema ulikuwa na kiu.”

“Kiu? Mimi nikunywe maji ya mugeni juu ya kiu?”

“Mama, ningesema nini? Niwaambie ya kama kwetu watu wanaonja juu wanaogopa sumu? Wangeniona mushenzi.”

Mwanahamisi alimtazama. Kwa hiyo ili karani asionekane mshenzi, mama yake alikuwa ameonekana mlafi asiye na adabu, anayechovya mdomo kwenye maji ya watu. Alisikia kinyaa, kinyaa hasa, kama mtu aliyeuma tunda akakuta funza. Hakumtukana. Alisonya kwa kirefu, akatoka kwenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha kufagiliwa.

Biro ilibaki na komeo, na karani bila biro ni kijana mwenye kalamu tu. Félicien alishinda nyumbani akizidi kukonda. Ndipo ikaja habari ya wageni wakubwa kutoka Ulaya, watu wa kupiga picha na kuandika magazetini, ambao wangepitia Kindu na lazima wapokewe. Kamati ikahangaika. Félicien akaona mlango, akaenda kwa Madame Jacqueline na kumweleza, sasa, ukweli wote: kuonja ni nini, sumu ni nini, na heshima iko wapi.

Madame hakukasirika. Alipiga makofi. Aliona ni jambo la kupendeza sana, desturi ya kale kabisa, na kwamba wageni watafurahi kuiona. Biro itafunguliwa siku hiyo, mama atarudi, ataonja maji mbele ya watu, nao watampiga picha.

Félicien alirudi mbio kumwambia mama yake, uso unameta. Mwanahamisi alisikiliza mpaka mwisho. Jambo walilomtapikia ndilo hilohilo walilotaka sasa kulitazama na kulicheka, na mtoto wake haoni kitu. Alitaka kukataa hapohapo. Lakini alikumbuka mwiko mikononi mwa mtu mwingine. Akamwuliza kama atawaambia watu wa mjini kwamba alikuwa amesema uongo.

“Wakikuona umerudi kazini watajua wenyewe, Mama. Nani atasema tena iko muchafu?”

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi: usafi wake, ambao Kindu nzima ilikuwa imeula, ulikuwa unangoja muhuri wa Madame Jacqueline. Alikubali. Alichemsha maji, akachuja, akaufukiza mtungi ubani, na siku ilipofika alikwenda.

Habari ilikwisha kuenea. Kwenye uzio wa biro walijaa watu wa mtaani, Hadidja mbele kabisa. Barazani wageni walikuwa wameketi na mashine zao za picha tumboni, mmoja wao na mtoto wake mdogo kando. Madame Jacqueline alimpokea Mwanahamisi na sketi ya nyuzi za raffia, ya namna ambayo yeye wala mama yake hawakuwahi kuivaa, akamfunga juu ya kitenge kwa mikono yake mwenyewe, akicheka. Mwanahamisi alimwacha afunge. Alijiambia kwamba nguo huvuliwa.

Kisha Madame akampa kibuyu kidogo, kipya, kimechorwa maua. Félicien akaeleza kwa sauti ya chini. Wageni watakunywa kwenye glasi. Yeye ataonja kwenye kibuyu, kibuyu chake peke yake, na glasi asizikaribie mdomo.

Mwanahamisi alikigeuza kibuyu mkononi. Mtu aonje maji ya kibuyu, na mgeni anywe ya glasi, hapo ameonja nini? Hata mtoto anayetambaa angeuona upuuzi huo. Waliipenda desturi, ila midomo yake bado iliwachafua. Wangepiga picha, wangekwenda kuonyesha Ulaya mwanamke mweusi aliyevaa nyasi akinywa kwenye kibuyu, na mate yake yangebaki upande wake. Kinyaa kilimkaba hata akaogopa kwamba safari hii atatapika yeye.

Alifungua raffia kiunoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Kibuyu akakilaza juu yake. Akachukua mtungi, akajaza glasi zote bila kumwaga tone, akazipanga mbele ya wageni, mmoja baada ya mwingine. Kisha akarudi nyuma, akafumbata mikono tumboni, akasimama.

Mashine za picha zilikuwa zimeinuliwa, zikangoja. Madame Jacqueline aliendelea kutabasamu, akaonyesha kibuyu kwa kidole. Mwanahamisi hakusogea.

Na hapo ndipo ilipoonekana kazi ya maelezo mazuri ya Félicien. Wageni walikuwa wamekwisha kuelezwa: anayeonja, maji yake ni salama. Mbele yao wakawa na glasi zilizojaa, na mwanamke aliyekataa kuonja. Ulikuwa mwaka ule ambao neno uhuru lilianza kusemwa kwa sauti hata sokoni, na wazungu walikuwa wanalala na bunduki kitandani. Bwana mmoja aliyekuwa ameishika glasi tayari aliirudisha mezani polepole. Mwenzake akaisogeza yake mbali na mtoto wake. Hakuna aliyekunywa, na jua lilikuwa kali.

Madame alimgeukia karani, tabasamu limekwisha. Félicien akatafsiri. “Mama, anasema uonje. Tafazali.”

“Waambie maji iko safi.”

“Hawatakubali. Wanaogopa.”

“Basi uonje weye, Assani,” alisema Mwanahamisi, na alisema kwa sauti ambayo uzio wote ulisikia. “Weye njo mutoto wangu, na weye njo mutu wao. Chukua ile glasi, ukunywe, tumalize.”

Madame Jacqueline alielewa bila kutafsiriwa. Kwa haraka, kwa mkono, alimwonyesha Félicien glasi, anywe basi, upesi. Sasa hata midomo ya mtu mweusi haikumtia kinyaa tena.

Félicien akachukua glasi. Akaiinua mpaka kidevuni. Mwanahamisi alikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake. Akamwona akisita. Akamwona akitazama ndani ya maji, kisha kumtazama yeye usoni, kama mtu anayemchunguza mgeni aliyebisha hodi, kisha kutazama tena majini, akitafuta. Kilikuwa kitambo kidogo tu. Glasi ikashuka, ikarudi mezani bila kuguswa na mdomo.

Wageni walipanda treni na kiu yao. Madame aliweka komeo mlangoni kwa mkono wake kabla treni haijapiga honi, na halikufunguliwa tena.

Mwanahamisi alitoka getini akiwa ameshika mtungi wake kiunoni. Watu wa uzio walimpisha kwa heshima. Walikuwa wameona wazungu wakiogopa glasi ya maji, na jambo hilo liliwapendeza mno. Walikuwa wamekwisha kusahau kifua chake, ugonjwa wa ngozi na mengine yote waliyomzulia. Hadidja alimkimbilia, akamshika mkono, akaomba maji ya mtungini hapohapo, akayanywa kwa kiganja mbele ya watu wote. Akasema Ijumaa kuna hitima kwa kaka yake, na mwiko unamngoja mwenyewe.

Jina la Mwanahamisi lilikuwa limerudi, zima, bila doa. Alikuwa amelitaka tangu siku ya dispensari, na sasa alilishika mkononi akaona halina ladha. Alimwambia Hadidja kwamba Ijumaa hatakwenda.

“Juu ya nini, shoga? Watu wote wanajua sasa iko safi.”

“Watu wote, ndiyo,” alijibu Mwanahamisi. “Yule niliyemunyonyesha, hapana.”