Mkwe wa Ukutani

Mama alilichukia lile jicho la kamera tangu siku kaka yangu alipolifunga ukutani, juu ya cherehani yake. Kaka ndiye kifungua mimba wetu, fundi wa mitambo ya simu, na akishapenda kitu kipya humwambii neno. Alisema jicho linajua mtu akianguka, linajua moto ukiwaka, na likiona hatari simu zetu zinalia. Lisipoona kitu, mchana na jioni linatuma ujumbe: hali ni shwari.

"Na linaniona muda wote?" Mama akauliza.

"Muda wote, Mama. Ndiyo usalama wenyewe huo."

Mama akajitanda kitambaa kichwani palepale. Kuanzia siku hiyo akaliita Mkwe. Akiamka analisalimia, akipita mbele yake anainamisha kichwa. "Nitajikunaje mbele ya mkwe?" aliniuliza siku moja, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kumbe mwenzangu hakuwa anatania.

Mimi ndiye kitinda mimba, msusi, na saluni yangu iko mtaa wa pili kutoka kwake. Jicho lenyewe halikunisumbua sana. Kilichonichoma roho ni sharti la Kaka: Mama akipata ajali yoyote, anahamia kwake ghorofani, na cherehani inauzwa kwa sababu kule haina pa kukaa. Mama alianza kuikanyaga cherehani ile kabla hatujazaliwa. Ukimtoa pale umemkata mikono. Alikubali shingo upande, maana angekataa Kaka angemhamisha wiki ileile.

Basi mchana mmoja nikampelekea chakula kama kawaida yangu. Nikabisha hodi, sauti ikanijibu kutoka nyuma ya kabati.

"Pita, mwanangu. Ila usinicheke."

Alikuwa sakafuni, amebanwa kati ya kabati na ukuta, gauni limemkwama mabegani, kifundo cha mguu kimevimba. Alikuwa pale tangu asubuhi. Nikaweka chakula chini, nikamshika makwapani.

"Mama, huku nyuma unatafuta nini?"

"Sasa nivalie wapi? Mbele ya mkwe?"

Nikatazama ile nafasi. Giza, viatu vya zamani, waya wa pasi umekatiza chini. Huko ndiko alikokuwa akivaa, akijipaka mafuta, akinyoosha mgongo akichoka. Mwanamke aliyekuwa akivaa katikati ya chumba chake, penye mwanga na kitanda cha kushikilia, sasa anajificha kwenye upenyo usiotosha hata paka. Na jicho lilikuwa linatazama chumba kitupu, kisafi, kilichopangika. Nikiwa bado nimemshika makwapani kumwinua, simu ikatetema mfukoni: hali ni shwari. Nilitamani kuitupa dirishani.

Daktari alisema mguu umeteguka tu, haukuvunjika. Kaka alifika jioni, uso umemshuka.

"Sharti ni sharti, Mama. Kesho tunahama."

Hapo nikapandisha. Nikamwambia huyo mkwe wake ndiye aliyemwangusha, na kama anataka kuuza kitu akauze hilo jicho lake. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Muache. Kaka yako ana hofu, hana ubaya."

Kaka akaitazama ile nafasi nyuma ya kabati. "Ungekufa pale, Mama," alisema. "Ungekufa na mimi nasoma shwari."

Mama akamtazama kwa huruma. "Shati lako kifungo kinaning'inia. Vua nikushonee."

Kaka akaanza kuvua. Mama akanigeukia, mpole kabisa. "Hebu muunganishe mama mkwe wa kaka yako kwenye simu yako, naye amwone mkwewe kupitia hilo jicho."

Vidole vya Kaka vikasimama kwenye kifungo cha pili.

"Mbona umeacha?" Mama akauliza. "Yule mama anakupenda. Hakutakii baya."

Kaka akainua macho ukutani, akayashusha. Akavuta kigoda, akapanda, akalifungua jicho kutoka ukutani yeye mwenyewe. Kisha akavua shati, akamwachia Mama alishone.

Usiku ule Mama ndiye aliyepanga. Jicho liende jikoni, litazame jiko, lisimtazame mtu. Siku akisema litoke, linatoka, hakuna kikao. Yeye atavaa shingoni kile kitufe kidogo kilichokuja pamoja nalo, na atakibonyeza mwenyewe akihitaji watu.

"Na kuhama?" Kaka akauliza.

"Nitahama siku nitakayokuita usije."

Wiki iliyofuata simu yangu ikalia, nikamwacha mteja kichwa nusu, nikakimbia. Kaka alikuwa ameshafika, sijui kwa mabawa gani, anahema mlangoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mama alikuwa kwenye cherehani, mzima, uzi mdomoni.

"Umeumia wapi?" Kaka akauliza.

"Sijaumia. Nilikuwa najaribu."

Nikajua leo moto utawaka. Kaka alivuta pumzi kujizuia. "Kitufe kinafanya kazi, Mama. Nilikujaribia mwenyewe kabla sijakupa."

"Kitufe najua umekijaribu," Mama alisema, akitoa uzi mdomoni. "Wewe ndiye ulikuwa hujajaribiwa."

Kaka akakaa kitandani, akafunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Mama akamwekea lile shati magotini, kifungo kimekazwa, akarudi kwenye cherehani yake kushona.